Hii maneno ulitosha wapi?

Kwetu Ituri, kijana akileta habari nzito mbele ya wazee, hawamwachi aketi kabla hajajibu swali moja: "Mtoto, hii maneno ulitosha wapi?" Basi sharti aeleze: aliisikia kwa nani, nani mwingine alikuwepo, na huyo aliyemwambia, yeye alielezwa na nani. Asipojua, anaambiwa arudi kuuliza vizuri.

Leo wana wetu wanaandika historia katika vyuo vya Bunia. Wanaenda kuhoji wazee huko Djugu, Irumu, Mahagi, Aru na Mambasa, kisha wanarudi mjini kupigisha kazi zao kwa mashini. Na ndani tunasoma: "Kufuatana na wazee, ukoo huu ndio ulifika wa kwanza." Wazee gani? Wa kijiji gani? Ukitazama chini ya ukurasa, ni peupe.

Sicheki mtu. Mimi mwenyewe, wakati wa masomo, niliandika sentensi ya namna hiyo juu ya mpaka wa kijiji fulani. Miaka miwili baadaye niliikuta katika kazi ya mwanafunzi mwingine, jina langu likiwa chini, eti ni jambo lililokwisha kuhakikishwa. Kumbe mimi nililipata kwa mtu mmoja tu, na huyo alikuwa na kesi ya shamba na jirani yake. Maneno ya mwenye kesi yalikuwa yamegeuka historia, na mimi ndiye niliyeyavalisha nguo hiyo.

Hapa kwetu hilo si kosa dogo. Vita iliyowaka Djugu mwaka 1999 ilitokana pia na ugomvi wa mashamba, na watu wengi walikufa. Nani alifika wa kwanza, nani ni mgeni: maneno hayo yameshika panga. Anayeyaandika bila kutaja mdomo uliyoyasema anafanya kazi ya hatari.

Wataalamu nao walijifunza jambo hili Kongo. Jan Vansina, Mbelgiji aliyeanza utafiti kati ya Wakuba wa Kasai katika miaka ya 1950, alitoa mwaka 1961 kitabu juu ya mapokeo ya mdomo. Alifundisha kwamba masimulizi ni mnyororo: yuko aliyeona, yuko aliyesikia kwake, mpaka huyu wa mwisho anayetuambia leo. Mwana-historia sharti aufuate mnyororo pete kwa pete, na kuuliza kila msemaji alikuwa na faida gani katika maneno yake. Ni lile lile swali la wazee wetu, ila limeingia kitabuni.

Tena tumeliona swali hilo mbele ya waamuzi. Katika kesi ya Thomas Lubanga huko La Haye, mwezi wa sita 2008, waamuzi walisimamisha mambo yote kabla hata kesi haijaanza kusikilizwa. Kwa nini? Mwendesha mashtaka alikuwa na hati zaidi ya 200 alizopewa kwa siri, nyingi zikitoka Umoja wa Mataifa, na hakuweza kuzionyesha kwa upande wa utetezi. Kesi ilianza mwezi wa kwanza 2009. Hukumu ilipotoka tarehe 14 mwezi wa tatu 2012, waamuzi walikataa kutegemea ushuhuda wa vijana kadhaa, juu ya watu wa katikati waliowatafuta mashahidi: ilionekana wengine kati yao huenda waliwashawishi kusema uongo. Lakini video iliyopigwa kambini Rwampara, karibu na Bunia, tarehe 12 mwezi wa pili 2003, ilisimama: mahali panajulikana, siku inajulikana, na watoto wanaonekana. Ndiyo nguvu ya ushuhuda wenye asili.

Mwanafunzi atafanya namna gani? Kwa kitabu, aandike jina la mwandishi, kichwa cha kitabu, mji, mwaka na ukurasa. Kama Vansina hakumsoma mwenyewe, bali alimkuta ndani ya kazi ya mwingine, aseme hivyo wazi. Kwa mzee, aandike jina, umri, kijiji, siku ya mazungumzo, lugha waliyoongea, nani alitafsiri, na mzee mwenyewe alisikia kwa nani. Wazee wawili wakipingana, aandike yote mawili, asichague la ukoo wake.

Wengine watasema: kutaja jina siku hizi ni kumweka mzee hatarini. Ni kweli, usalama wetu haujakamilika. Lakini kuficha jina si kukosa jina. Kule La Haye mashahidi wengi waliitwa kwa namba, na waamuzi walijua ni nani. Mwanafunzi naye aweke herufi au namba katika kazi yake, na orodha ya majina ibaki kwa mwalimu anayeiongoza, imefungwa vizuri.

Wazee wetu wanazidi kututoka kila mwaka. Yule asiyeandikwa jina lake anakufa mara mbili, na maneno yake yanabaki yatima, kila mtu anayavuta upande wake. Basi tukiandika, tuwe tayari kwa lile swali, kwa maana wajukuu wetu watatuuliza: hii maneno mulitosha wapi?