Shahada Ilivyochelewa Kufika Unyanyembe

Mwaka 1922 Waingereza walifungua shule ya serikali mjini Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu. Mwaka huohuo, kule Kampala, Makerere ilianza ikiwa shule ya ufundi. Kijana wa Unyamwezi aliyefaulu akawa na njia moja ya kusoma zaidi: Tabora, kisha Makerere. Ndiyo aliyoipita Abdallah Fundikira, baadaye mtemi wa Unyanyembe, himaya ya Tabora, na Waziri wa Sheria. Ndiyo aliyoipita pia Julius Nyerere, aliyeingia Tabora 1937, akamaliza Makerere 1945, kisha akarudi huku Tabora kufundisha St. Mary's hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949.

Vyuo vyetu vimekuzwa mikononi mwa vyuo vikongwe. Makerere ilipokuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 1949, shahada zake zilitoka Chuo Kikuu cha London. Chuo cha Dar es Salaam nacho kilianza Oktoba 1961 chini ya London, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 Dar, Nairobi na Makerere viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na 1970 kila nchi ikachukua chake.

Wakati huo Dar ilikwisha hamia Mlimani, kwenye mabweni, maktaba na ukumbi wa Nkrumah, mji mzima wa wasomi. Kwa mtoto wa Uyui, wilaya inayouzunguka mji wa Tabora, ulikuwa mbali. Alipanda treni Tabora na tranka la bati lenye jina lake kwa rangi nyeupe, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, na dumu la asali la kumpelekea mwenyeji wake mjini.

Tabora penyewe tulipata vyuo vya kazi: uhazili, reli, nyuki. Shahada hapana, hadi 2010, kilipoanzishwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo. Jina ni la Marko Mihayo, aliyeliongoza Jimbo Kuu la Tabora kuanzia 1960 hadi 1985. Mlezi wa chuo hicho ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino cha Mwanza, mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki, ambacho chenyewe kilianzia Nyegezi mwaka 1960 kama chuo cha mafunzo ya jamii na kuwa chuo kikuu mwaka 1998. Kwa hiyo Mihayo kina mkuu wake na wahadhiri wake, lakini kinasimama chini ya mlezi wa Mwanza, kama Makerere ilivyosimama chini ya London.

Miaka 88 tangu shule ya serikali ya Tabora ifunguliwe hadi kuja kwa Mihayo ni mingi mno kwa mji uliolisha vyuo vya wengine. Leo mwalimu wa Isikizya, Uyui, anasomea shahada ya ualimu mjini Tabora na bado anawahi palizi ya tumbaku nyumbani. Anayetaka shahada ya misitu bado anakwenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, huku miombo imemzunguka kwao. Kitivo cha misitu tunakidai hapa.