Vipande vya Amri na Lugha ya Mtoto: Historia Fupi ya Ufundishaji wa Programu kwa Mtazamo wa Gisenyi

Ufundishaji wa programu kwa watoto haukuanza na vipande vya rangi. Mwaka 1967, nchini Marekani, Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wallace Feurzeig walibuni Logo, ambayo baadaye ilijulikana kwa kobe aliyeongozwa kwa amri zilizochapwa. Herufi moja ikikosewa, kobe hakusogea. Mwaka 2007 kikundi cha Mitchel Resnick katika MIT kilizindua Scratch na kuondoa kikwazo hicho: amri ni vipande vinavyounganishwa, na visivyopatana kwa umbo havishikani.

Rwanda ilianza kupokea kompyuta za XO mwaka 2008, na hatimaye zaidi ya 200,000 zilifika shuleni. Ndani yake mlikuwa na Turtle Art, ambamo kobe huongozwa kwa vipande. Mwaka huohuo serikali iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika ufundishaji. Kompyuta na lugha mpya viliingia darasani pamoja. Umbo la kipande lilimkinga mwanafunzi dhidi ya kosa la tahajia, lakini si dhidi ya neno asilolielewa.

Gisenyi, mji unaopakana na Goma, husikia Kiswahili sokoni na mpakani kila siku. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini. Mwaka 2019 Rwanda Coding Academy ilifunguliwa Nyabihu, wilaya jirani na Rubavu. Scratch nayo ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake.

Hata hivyo, kutafsiri vipande si kubadilisha maneno tu. Amri haidai upatanisho wa kisarufi: "songa hatua 10" humfaa paka na huufaa mpira. Swali hudai: paka "anagusa ukingo?", mpira "unagusa", gari "linagusa". Kipande kimoja hubeba kiambishi kimoja, na mhusika anapobadilishwa, sarufi huvunjika ilhali programu inaendelea kufanya kazi. Mtoto hujifunza mantiki sahihi kwa sentensi yenye kosa.

Historia hii inaonyesha kwamba zana za vipande ziliondoa kikwazo cha uandishi na kuacha cha lugha. Kukiondoa hiki cha pili kunahitaji wanaisimu wa Kiswahili washirikishwe vipande vinapoundwa, si baada ya kukamilika.