Sombe ya Malemba na nyigu wa Paraguay

Malemba-Nkulu, kando ya mto Lualaba, bukari hupikwa kwa unga wa mahindi na muhogo, samaki hutoka mtoni, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, haikosekani. Tumezoea kuuita muhogo chakula cha mababu. Lakini watu waliozikwa Sanga, katika bonde hili la Upemba, zaidi ya miaka elfu iliyopita, hawakuujua kabisa. Wareno ndio walioutoa Brazil katika karne ya 16, ukaingia Kongo kwa pwani ya Atlantiki, ukasogea bara shamba kwa shamba.

Nchi nyingine ya Amerika Kusini tunayopaswa kuishukuru ni Paraguay. Haina bahari. Mto Paraguay unaigawa: magharibi nyika kavu ya Chaco, mashariki ardhi yenye rutuba inayotoa soya ya kuuza nje. Waguarani walikuwa wakila muhogo kabla Wahispania hawajajenga Asunción mwaka 1537, na hadi leo lugha yao ni rasmi pamoja na Kihispania.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mashamba ya muhogo ya karibu na Kinshasa na Brazzaville yalivamiwa na vidung'ata, wadudu wenye unga mweupe wanaonyonya utomvu wa majani machanga. Ncha za mashina zilijikunja na kudumaa. Sombe ilipotea kwanza, kisha mizizi ikakonda. Mdudu huyo alivuka bahari kutoka Amerika Kusini, akawaacha maadui zake nyuma, na baada ya muda akaenea sehemu kubwa ya Afrika kunakolimwa muhogo.

Watafiti wakaenda kumsaka kwao ili wajue nani humla. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu iliyo pia habari njema: kwao alikuwa adimu, maana maadui walimdhibiti. Kaskazini mwa bara hilo walipata mdudu anayefanana naye tu. Mwaka 1981 Tony Bellotti, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT cha Kolombia, akampata kidung'ata mwenyewe Paraguay. Hapo alikuwepo pia nyigu asiyefika milimita 2. Jike lake hutaga yai ndani ya kidung'ata, na buu akianguliwa humla kidung'ata kwa ndani hadi kidung'ata afe.

Nyigu walikaguliwa kwanza Uingereza, kisha wakazalishwa Ibadan, Nigeria, katika taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, chini ya Mswisi Hans Herren. Waliachiliwa mashambani, wengine kutoka kwenye ndege. Kazi hiyo ilimpa Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mkulima hakununua dawa wala bomba la kupulizia. Nyigu waliendelea kuzaliana wenyewe, wakihama shamba hadi shamba na kumfuata kidung'ata kila alikokwenda.