Kompyuta ikianguka, ushahidi hubaki wapi?

Mwaka 1970, kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa sokoni chipu ya kumbukumbu iliyoitwa 1103. Ilikuwa ndogo na ya bei nafuu, lakini stima ikikatika, ilisahau kila kitu.

Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1950, kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa vipete vidogo vya sumaku vilivyopitishwa nyaya, navyo vilihifadhi data hata mashine ikizimwa. Mfumo ukianguka, fundi alichapa yaliyomo kwenye karatasi, kisha akasaka hitilafu tarakimu kwa tarakimu.

Chipu zilipoenea, kazi hiyo ikawa ngumu. Keneli, programu kuu inayosimamia mashine nzima, ikishindwa, mashine huwashwa upya, na ushahidi wa chanzo cha ajali hufutika papo hapo.

Jibu moja lilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1981, mfumo endeshi wa Unix wa Berkeley, toleo la 4.1, ulikuja na programu ya savecore. Keneli ikianguka, iliandika kumbukumbu kwenye sehemu maalumu ya diski. Mashine ikiwaka tena, savecore iliihamishia kwenye faili kabla haijafutwa.

Udhaifu ulibaki: keneli iliyokwisha kuharibika ndiyo iliyoaminiwa kuandika ushahidi. Mwaka 2005, keneli ya mfumo endeshi wa Linux, toleo la 2.6.13, ilileta kdump. Hapa keneli ya pili hutengewa nafasi yake mapema na kusubiri. Ya kwanza ikifa, ya pili huamka bila kufuta kumbukumbu, ikaihifadhi kwenye diski au kuituma kwa seva nyingine.

Kwa chuo, hospitali au chama cha akiba jijini Nakuru, Kenya, kinachotumia seva za Linux, urithi huu upo bila malipo. Lakini stima ikipotea ghafla, kdump haiokoi kitu. Betri ya akiba ni lazima. Faili la kumbukumbu lililohifadhiwa laweza kubeba nywila na taarifa za wateja, hivyo lilindwe kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka.

Wasimamizi waiwashe kdump na kuijaribu kabla ya ajali. Seva inayowashwa upya bila uchunguzi itaanguka tena kwa ugonjwa uleule, na wanaoumia ni wananchi wanaosubiri kwenye foleni.