Kukodi au kukodisha? Neno linaloweza kugeuza mkataba wa shamba

MKATABA wa shamba katika soko kama la Kanyakine, Imenti Kusini, aghalabu hauandikwi na wakili. Huandikwa na mwalimu mstaafu au jamaa yeyote mwenye mwandiko unaosomeka, na iwapo upande mmoja hausemi Kimeru, huandikwa kwa Kiswahili.

Hapo ndipo kitenzi kimoja huzua balaa. Katika Kiswahili sanifu, anayekodi ni yule anayelipa ili atumie mali ya mwenzake. Anayekodisha ni mwenye mali. Tofauti hiyo huletwa na kauli ya kutendesha, kama ilivyo katika kukopa na kukopesha, au kupanga nyumba na kupangisha. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, "kukodisha" hutumiwa kwa pande zote mbili. Sokoni hakuna anayepotea, maana kila mtu anamjua mwenye shamba. Karatasi haimjui. Sentensi "Mimi nimekodisha ekari moja kwa miaka 5" ikisomwa na warithi baada ya wahusika kufariki, yaweza kumfanya mpangaji aonekane mmiliki.

"Kuazima" ni kitenzi cha hatari zaidi, kwani hata kamusi hukipa maana zote mbili, kutoa na kupokea. Heri kisitumiwe kabisa katika mkataba. Njia salama ni kutaja majina: fulani, mwenye shamba, amemkodisha fulani, naye atamlipa kiasi fulani.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 huruhusu ukodishaji wa muda mfupi, usiozidi miaka 2 na usio na nafasi ya kuongezwa, ufanywe hata kwa mdomo. Muda ukizidi hapo, maandishi ndiyo yatakayotegemewa, yakiwa na saini za pande zote na za mashahidi.

Na shahidi si mdhamini. Shahidi huthibitisha tu kwamba aliona saini zikitiwa. Mdhamini huahidi kulipa iwapo mdaiwa atashindwa. Kwa mujibu wa kifungu cha 3 cha Sheria ya Mikataba, mtu hawezi kushtakiwa kwa ahadi ya kulipa deni la mwingine isipokuwa iwe katika maandishi yenye saini yake. Anayetia saini chini ya neno "mdhamini", akidhani amekuja kushuhudia tu, huenda ameupatia upande wa pili ushahidi huo.

Neno "kodi" lenyewe lina utata wake. Ni malipo ya pango, na pia ni ushuru wa serikali. Kifungu kisemacho "kodi zote zitalipwa na mkulima" hakielezi ni nani atakayelipa ada za ardhi zinazodaiwa na kaunti. Yafaa iandikwe "kodi ya shamba" mahali pake, na "ada za kaunti" mahali pake.