Ngoma Isiyo na Mbele: Tamthilia za Muziki katika Jukwaa la Duara

Mwalimu anayewafunza wanafunzi wake ngoma ya kuonyeshwa siku ya wazazi hulitamka neno moja kuliko mengine yote: mbele. "Tazameni mbele." "Wafupi wasimame mbele." "Msiwape wageni mgongo." Neno hilo tumelizoea hata twadhani kila ngoma ilizaliwa nalo. Katika makala hii twakusudia kuonyesha kwamba "mbele" ya ngoma ina historia yake, tena historia ya watu wenye vyeo, na kwamba wale waliothubutu kuiondoa, hasa huko Marekani katika karne ya ishirini, iliwalazimu kuzipanga upya ngoma zilizokuwa zimekwisha kuwa mashuhuri duniani.

Yafaa tuanzie mbali kidogo. Katika uwanja wa michezo wa Epidaurus nchini Ugiriki, uliojengwa katika karne ya nne kabla ya Kristo, mahali pa kuchezea wale wanakwaya ni duara kamili lenye upana wa mita 20 hivi, na watazamaji walilizunguka kwa zaidi ya nusu yake. Hata huko Ufaransa mwaka 1581, katika mchezo mkuu wa ngoma wa jumba la kifalme ulioitwa Ballet comique de la Reine, wageni walikaa pande tatu za ukumbi. Lakini mfalme alikaa upande mmoja maalumu, na mambo makuu yalielekezwa kwake. Baadaye Waitalia walijenga kumbi zenye jukwaa lililowekwa ndani ya fremu kama picha, mathalani ule wa Farnese mjini Parma, uliojengwa mwaka 1618. Mandhari ya majukwaa ya namna hiyo yalichorwa kwa kanuni za umbali, na kiti kilichoyaona sawasawa kuliko vyote kilikuwa kiti cha mtawala. Mwaka 1661 Mfalme Louis wa Kumi na Nne, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji, alianzisha chuo cha kifalme cha dansi. Mtindo wa kugeuza miguu nje, ambao mpaka leo ndio msingi wa baleti, ulimwezesha mchezaji kwenda kando bila ya kumwondolea mtazamaji uso wake. Basi tukisema "mbele ya jukwaa", kwa asili twasema mahali alipoketi mfalme.

Tamthilia za muziki za Marekani zilirithi jukwaa hilo pamoja na adabu zake. Oklahoma! ilipofunguliwa New York tarehe 31 Machi 1943, mpangaji ngoma wake, Agnes de Mille, aliushangaza mji kwa sababu aliifanya ngoma isimulie siri za moyo wa msichana. (Mpangaji ngoma tunamwita yule anayetunga na kupanga mienendo ya wachezaji.) Hata hivyo, ngoma hizo zilipangwa kwa macho yatokayo upande mmoja tu. A Chorus Line ya Michael Bennett, ya mwaka 1975, ilikwenda mbali zaidi: wachezaji husimama juu ya mstari mweupe mmoja, nyuma yao ni vioo, na mbele yao, gizani, ni yule mwenye mamlaka ya kuwachagua au kuwafukuza. Mchezo wote umesimama juu ya mstari huo.

Wakati tamthilia hizo zinapata sifa, watu wengine walikuwa wakijaribu jukwaa lililozungukwa na watazamaji pande zote. Mwaka 1940 Glenn Hughes alifungua ukumbi wa namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Mwaka 1947 Margo Jones alianzisha ukumbi wake mjini Dallas, wenye viti visivyofika 200, akauita Theatre '47. Na kila mwaka mpya jina lake lilibadilika kufuata tarakimu za mwaka. Mwaka 1950 Zelda Fichandler na wenzake walianzisha Arena Stage katika mji mkuu, Washington, ndani ya jengo lililokuwa sinema. Hapa pana jambo la kukumbukwa. Miaka miwili kabla ya hapo, jumba kubwa la michezo la mji huo liliona afadhali ligeuzwe sinema kuliko kuwapokea watazamaji weusi. Arena Stage iliwapokea watu wa rangi zote tangu mwanzo. Hatusemi kwamba duara peke yake lilileta haki hiyo. Watu ndio walioileta. Lakini hapana shaka kwamba katika ukumbi ambamo kila mtazamaji amwona mtazamaji mwenzake ng'ambo ya pili, ubaguzi ungalionekana kwa macho ya wote.

Muziki uliingia katika duara kwa njia ya hema. Mwaka 1949 St. John Terrell alisimamisha hema huko Lambertville, New Jersey, akaonyesha tamthilia za muziki katikati ya watu, kama ifanyavyo sarakasi. Wengine walimfuata upesi: Hyannis mwaka 1950, Cohasset na Sacramento mwaka 1951. Sababu kubwa ilikuwa fedha. Hema halihitaji pazia, wala mandhari marefu ya kuchorwa. Viti huwa vingi, na hakuna kilicho mbali sana. Michezo ilibadilishwa haraka wakati wa kiangazi, na mpangaji ngoma alikuwa na siku chache tu za kuifunza ngoma kubwa. Huko Sacramento hema liliendelea kutumika mpaka mwaka 2002. Mwaka uliofuata likajengwa banda la kudumu lenye viti zaidi ya 2,000, na jukwaa likabaki la duara.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo penye mafunzo. Jambo la kwanza ni mgongo. Katika duara mchezaji hawezi kamwe kumtazama kila mtu, kwa hiyo daima kuna watu wanaoupata mgongo wake. Mpangaji hodari haukimbii mgongo, huugawa. Mwimbaji hupewa mapigo manane au kumi na sita upande mmoja, kisha wimbo wenyewe humpa sababu ya kugeuka: ameitwa, amekumbuka jambo, anamfuata mpenzi wake. Akigeuka bila ya sababu, watazamaji hucheka au huchoka, kwa maana huonekana kama bidhaa inayozungushwa dirishani. Aidha, mgongo wenyewe hufundishwa kusema. Bega linaloshuka au shingo inayokakamaa hueleza huzuni kwa wale wasiouona uso.

Jambo la pili ni mstari. Mstari wa wachezaji wanaorusha miguu pamoja ni furaha kubwa katika jukwaa la fremu. Ukiuweka katika duara, watu wa pande mbili huuona ubavuni, yaani humwona mchezaji mmoja na vivuli vya wenzake. Dawa yake ni kuuzungusha mstari kama spoki ya gurudumu la baiskeli: wa katikati hupiga hatua fupi, wa nje hukimbia, na kila upande wa ukumbi hupata zamu yake. Njia nyingine ni kuuvunja mstari kuwa minne yenye kupeana migongo, au kuwafanya wachezaji warudie hatua ile ile kwa kupokezana, upande hata upande, kama wimbi. Njia za mshazari hupendwa kuliko zilizonyooka, kwa sababu mtu anayekwenda mshazari huonyesha uso wake kwa pande mbili kwa wakati mmoja.

Jambo la tatu ni kuingia na kutoka. Hapana pazia wala pembe za kujificha. Wachezaji hupita katika njia zile zile wapitazo watazamaji, mara nyingi gizani, mara nyingi mbio. Kwa hiyo ngoma huanza kabla ya jukwaa na huisha baada yake, na mpangaji hana budi kuhesabu hatua za njiani kama anavyohesabu za jukwaani. Mandhari nayo lazima yawe mafupi yasizibe macho. Na kwa kuwa wachezaji hugeuka kila upande, kiongozi wa okestra aghalabu huonyeshwa katika viwambo vya televisheni vilivyotundikwa sehemu mbalimbali, ili asipotee machoni pao.

Je, tamthilia za zamani hustahimili mageuzi hayo? Mfano mmoja ni Arena Stage yenyewe, ambayo tangu mwaka 1961 ina ukumbi uliojengwa makusudi, wenye viti pande zote nne. Mwaka 2010, jengo hilo lilipofunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa, mchezo wa kwanza ulikuwa Oklahoma!, chini ya Molly Smith, na ngoma zikapangwa na Parker Esse. Mchezo huo ulipendwa hata ukarudishwa mwaka 2011. Tukumbuke kwamba katika ndoto ya Laurey mchezaji mmoja humwua mwingine na kumchukua msichana kwa nguvu. Kwenye jukwaa la fremu twaitazama ndoto hiyo kama picha ukutani. Katika duara, mtazamaji wa safu ya kwanza yuko hatua chache tu kutoka kwa anayeuawa, na nyuma ya mauaji hayo aziona nyuso za majirani zake nao wakitazama wala hawasaidii. Hatua za miguu zaweza kuwa zile zile, lakini maana yake huongezeka uzito.

Mfano wa pili ni Fiddler on the Roof, ambayo Arena Stage iliionyesha mwaka 2014, miaka 50 baada ya kufunguliwa kwake New York. Jerome Robbins, aliyeipanga mwaka 1964, aliwaingiza wanakijiji wakiwa wameshikana mikono, wakafanya duara. Na mwishoni, wanapofukuzwa makwao, duara hilo huvunjika na kila mtu hushika njia yake. Basi duara lilikuwamo tayari ndani ya ngoma, likingojea jukwaa lake. Kinyume chake, ngoma ya arusini ya wale wenye chupa juu ya kofia, ambao huteleza kwa magoti wakiwa safu moja kuwaelekea watazamaji, humsumbua mpangaji: wateleze kumwelekea nani?

Si haki kuficha hasara. Ile mandhari ya watu 30 wakifanya tendo moja kama mtu mmoja hupungua nguvu inapotazamwa kutoka pande zote. Mzaha unaotegemea uso mmoja huwakosa walio nyuma. Nayo A Chorus Line ina neno la kutuuliza: vioo vyake vitasimama wapi, na mstari mweupe utamwelekea nani? Anayeupanga mchezo huo katika duara hana budi kuamua kwanza kama mamlaka yenyewe yana upande mmoja au yametuzunguka. Swali hilo halipo katika mafunzo ya hatua za miguu, lakini bila ya kulijibu hatua hazipangiki.

Turudi kwetu. Ngoma zetu nyingi zilichezwa uwanjani, na watu wakazizunguka. Methali isemayo "Mcheza kwao hutunzwa" yaikumbuka hali hiyo, maana huwezi kumtunza mchezaji usiyeweza kumfikia. Ngoma hizo zilipoingia shuleni, sisi walimu ndio tuliozipa mbele. Tuliziweka zimwelekee mgeni rasmi chini ya turubai lake, na wanafunzi wa madarasa ya chini, wenye ngoma yao, wakaketi upande wa pili wakitazama migongo ya wenzao. Hatukufanya hivyo kwa ubaya. Tulifanya kwa heshima. Hata hivyo, sasa tumeona kwamba heshima hiyo ina nasaba ndefu inayofika hadi kiti cha mfalme.

Twawashauri walimu wenzetu wafanye jaribio dogo. Chukueni ngoma au ngonjera ambayo wanafunzi wenu wameizoea, kisha mwagawe watazamaji pande nne na kumweka mgeni kati yao. Waacheni watoto wenyewe watafute mahali pa kugeuka, na sababu ya kugeuka. Ngoma itaharibika kwanza, kama ilivyoharibika kwa wengi waliotangulia. Ikianza kutengenea, mwulizeni yule mtoto ambaye siku zote hukaa nyuma ameona nini.