Tufani Zilizosahaulika

Unguja, Aprili ni mwezi wa tanga mbili. Kaskazi imeishiwa nguvu, kusi haijashika, na zamani majahazi ya Arabuni yalitia nanga bandarini yakingoja upepo ugeuke. Tarehe 15 Aprili 1872 kilichoyakuta hakikuwa kusi. Kimbunga kilikipiga kisiwa, kikavunja vyombo bandarini na kuangamiza manowari za Sultani Barghash bin Said, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili kitini. Mashambani, theluthi mbili hivi ya mikarafuu na minazi ililala chini. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu mojawapo karafuu iliyoitajirisha Unguja leo inahusishwa kwanza na Pemba.

Hakuna aliyekuwa ameonywa. Waya wa simu ya maandishi kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879, miaka saba baadaye. Na hata kama onyo lingepatikana, lingekuwa gumu kuaminika, maana manahodha na wafanyabiashara waliihesabu Zanzibar kuwa iko nje ya njia ya tufani.

Hawakuwa wajinga. Kimbunga huzungushwa na mwendo wa dunia yenyewe, na msukumo huo hupungua kadiri mtu anavyoikaribia ikweta. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya mstari huo, Mtwara nyuzi 10. Vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi Kusini-Magharibi vinavyofika nchi kavu huishia Madagaska na Msumbiji. Baada ya kile cha 1872 kingine chenye nguvu kamili kilitua Lindi, tena tarehe ileile, 15 Aprili, mwaka 1952. Miaka 80 ni umri wa mtu. Mtoto aliyeliona paa la kwao likiruka angekuwa kikongwe kabla ya kuhitaji kumsimulia mjukuu wake. Kumbukumbu ya pwani kuhusu masika na ukame ni ndefu kwa sababu hurudi kila mara. Ya kimbunga hukatika.

Onyo la serikali linalazimika kuliziba pengo hilo, na kazi hiyo ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa taarifa zake kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Karibu kila msimu wa kusi, mvuvi wa Kilwa au Nungwi husikia redioni angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili. Kwake hiyo ni hali ya kawaida ya bahari, naye huamua kutoka au kutotoka kwa kuangalia wingu, rangi ya maji na tumbo la watoto wake. Siku inapotangazwa hatari isiyo ya kawaida, sauti ni ileile, redio ni ileile, na mara nyingi mwezi ni uleule wa Aprili au Mei, ambao kila mtu anajua una mvua na mawimbi.

Aprili 2019 sauti hiyo ilisikilizwa. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu Kimbunga Idai kuua zaidi ya watu 1,000 Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, na picha za mji wa Beira, Msumbiji, zilikuwa bado machoni. Kimbunga Kenneth kilipopita Komoro kikielekea bara, shule na ofisi za Mtwara zilifungwa na watu wakaambiwa watafute mahali pa kujihifadhi. Tarehe 25 Kenneth kikatua kusini ya Mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Mtwara madhara yalikuwa madogo. Lakini katika kisiwa cha Ibo jimboni humo, kwa Wamwani ambao lugha yao ni ndugu wa Kiswahili, nyumba tisa katika kila kumi ziliharibiwa.

Kwa Mtwara, hilo lilikuwa onyo lililofanya kazi yake. Kwa masikio ya wengi lilikuwa onyo la jambo ambalo halikutokea. Hapa ndipo penye shida, na si haki kumlaumu aliyefunga duka siku nzima, akakosa kipato, kisha akaona jua. Miaka miwili baadaye Kimbunga Jobo kilitangazwa, nacho kikadhoofika kabla ya kufika Dar es Salaam. Hesabu ya onyo lisilotimia ikaongezeka.

Mei 2024 kikaja Kimbunga Hidaya. Jina hilo pwani ni la mabinti, na maana yake ni zawadi. Utani ukajaa kwenye simu. Ila wakati ule watu walikuwa wameumizwa. Hanang, Desemba 2023, tope lilikuwa limeua zaidi ya watu 80, na Aprili Rufiji ilikuwa imezama. Kenya ilikuwa inazika watu wa mafuriko, na tarehe 3 Mei Rais William Ruto aliahirisha ufunguzi wa shule akiitaja Hidaya kwa jina. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Tarehe 4 kimbunga kiligusa Mafia na kuanza kupoteza nguvu, TMA ikatangaza kuwa hatari yake imekwisha. Wengi wakapumua.

Mvua haikukoma na upepo. Maji yalikata barabara ya Kusini eneo la Somanga, na malori ya Lindi na Mtwara yakakwama pande zote mbili. Mafia nyumba zilikuwa zimeezuliwa. Kabla Mei haijaisha, kimbunga kingine, Ialy, kilipita baharini karibu na pwani ya Kenya na Somalia, nako kaskazini mwa Tanga redio zikaanza kusoma tahadhari upya.